Mteja wako si kila mtu: somo kutoka Kihoto, Naivasha

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina hekima yake, lakini imewaponza wafanyabiashara wengi. Mtu anapika chapati laini, anashona nguo nadhifu au anafungua duka la kunyolea lenye viti vipya na kioo kikubwa, kisha anakaa mlangoni akingoja kizuri kijiuze. Miezi mitatu baadaye kodi ya kibanda imemshinda, mkopo wa Hazina ya Hustler haujalipwa, na pesa alizochukua kwenye chama zimeyeyuka. Ukimuuliza mteja wake alikuwa nani, atakujibu bila kusita: "Mtu yeyote tu."

Jibu hilo ndilo lililomfunga duka. Kizuri hujiuza, sawa, lakini hujiuza kwa nani? Saa ngapi? Kwa pesa zipi?

Wenye biashara ndogo hapa kwetu Pwani hupenda kuuliza: nitangaze wapi? Nilipie tangazo Facebook, nichapishe karatasi za kugawa, au nimpe kijana kipaza sauti azunguke mtaani? Swali hilo si baya, ila limekuja kabla ya wakati wake. Kwanza jiulize unamtangazia nani. Ukishalijibu hilo, pa kutangazia patajitokeza penyewe, na mara nyingi gharama yake itakuwa ndogo kuliko ulivyodhani.

Leo nataka tujifunze jambo hili kwa kwenda bara kidogo, hadi mtaa wa Kihoto mjini Naivasha, kaunti ya Nakuru. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni mtaa wa wapangaji ulio karibu na ziwa, ambapo mtu wa mshahara, mtu wa samaki, mgeni wa wikendi na kijana wa boda boda hupishana kwenye njia moja. Pili, ni mtaa uliofunzwa kwa uchungu kwamba mteja anaweza kuhama kabla wewe hujafunga virago.

Mtaa mmoja, wateja wanne

Ukisimama kando ya njia Kihoto utaona watu wengi wakipita, nawe utashawishika kusema, hapa pana soko. Lakini umati si soko. Hebu tuwatenge.

Wa kwanza ni mfanyakazi wa shamba la maua. Mashamba mengi ya Naivasha yako kando ya barabara ya Moi South Lake, inayozunguka upande wa kusini wa ziwa. Wafanyakazi huondoka alfajiri, wengi wao kwa mabasi ya kampuni. Mshahara wao huja mwisho wa mwezi. Mtu huyu asubuhi hana dakika kumi za kukaa kwenye benchi lako. Anataka chakula kinachoshiba, cha bei nafuu, cha kubeba mkononi. Tarehe 3 ana pesa. Tarehe 24 anaomba umwandikie kwenye daftari.

Wa pili ni mtu wa samaki: mvuvi, mchuuzi, mama anayekaanga. Huyu hana mwisho wa mwezi. Pesa yake ni ya kila siku, na hupanda na kushuka kulingana na kilichoingia wavuni. Akivua vizuri leo atanunua leo. Mkopo wa kulipwa tarehe 30 haumfai, wala wewe haukufai kumkopesha kwa mpango huo.

Wa tatu ni mgeni. Huja kupanda mashua ziwani, kuona viboko, kisha aende Hell's Gate kuendesha baiskeli kati ya pundamilia. Wengi wa aina hii hutoka Nairobi na huja Jumamosi na Jumapili. Ana pesa zaidi, lakini hajui njia za mtaani kwako, na kesho yake hayupo.

Wa nne ni mfanyabiashara mwenzako: kijana wa boda boda, fundi, mwenye duka, mwenye kinyozi. Yuko hapo mchana kutwa wakati mfanyakazi wa maua yuko shambani. Anashika pesa kila saa, ila kidogo kidogo.

Ni watu wanne, na kila mmoja ana saa yake, mfuko wake na haja yake. Ukifungua kibanda kimoja na kutaka kuwahudumia wote kwa pamoja, utapika mapema mno kwa mmoja, ghali mno kwa wa pili, na kwa mkopo mrefu mno kwa wa tatu. Mtaka yote hukosa yote.

Hesabu ya mama wa chapati

Tuchukue mfano wa kubuni, maana hesabu ndiyo inayofumbua macho. Mama mmoja anauza chapati na maharagwe Kihoto. Kwa kila sahani anabaki na faida ya shilingi 20. Biashara imelegea, kwa hiyo anatumia shilingi 3,000 kuchapisha matangazo na kuyabandika mtaa mzima. Katika wiki hiyo wanakuja watu 15 wapya. Wiki mbili baadaye, waliobaki kuwa wateja wa kurudi ni 3 tu. Maana yake kila mteja aliyebaki amemgharimu shilingi 1,000.

Mteja mmoja anayenunua siku 22 kwa mwezi humletea faida ya shilingi 440. Basi itamchukua zaidi ya miezi miwili kurudisha gharama ya kumpata, na hapo hatujataja kodi wala makaa.

Sasa tuseme mama huyu anakaa na daftari kwa wiki mbili. Hatafuti jambo kubwa. Kila sahani inayotoka anaandika saa, aina ya mteja, na kama ameila pale au ameibeba. Anagundua kwamba zaidi ya nusu ya sahani zake hutoka kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na karibu zote hizo hubebwa. Wanaozibeba ni watu wa basi.

Kumbe mteja wake alikuwa pale siku zote, naye alikuwa akimtafuta kwingine! Anaacha mabango. Anachukua shilingi 600, ananunua karatasi za kufungia, anapika chapati chache za kuonjesha na kuzipeleka penye basi kwa siku tatu. Anapata wateja 12 wa kurudi. Kila mmoja amemgharimu shilingi 50, ambazo zinarudi kwa siku tatu za mauzo.

Chapati ni ile ile na mama ni yule yule. Kilichobadilika ni kwamba sasa anajua anampikia nani. Na ukishajua hilo, mambo mengine hufuata yenyewe: anaamka saa tisa badala ya saa kumi na moja, anapunguza mchuzi kwa sababu mchuzi haubebeki, na anaacha kununua viti ambavyo hakuna wa kuvikalia.

Maswali matano ya kujiuliza

Kutokana na mfano huo tunaweza kutoa maswali ambayo mwenye biashara yoyote, awe Kihoto, Kongowea au Malindi, anaweza kujiuliza kabla ya kutumia senti kwa matangazo.

La kwanza: nani tayari ananunua kwangu na kurudi? Fuata nyuki ule asali. Usianze kwa kuwaza mteja wa ndotoni. Anza na waliokuja mara tatu, na uwaulize kwa upole kilichowarudisha. Huenda wewe unadhani ni bei, kumbe ni kwamba unafungua mapema.

La pili: ana shida gani ninayomwondolea? Mtu wa basi hanunui chapati, ananunua kutofika kazini na njaa. Anayenyoa Jumamosi jioni anataka kuwa nadhifu kanisani kesho yake. Ukiijua shida utajua la kusema kwenye tangazo.

La tatu: pesa yake huingia lini? Kumtangazia kitanda mtu wa mshahara tarehe 20 ni kumkera. Tarehe 30 ni kumkumbusha.

La nne: nani anatumia, nani anaamua, nani analipa? Mara nyingi si mtu mmoja. Kiatu cha shule huvaliwa na mtoto, mtindo hutakiwa na mwalimu, lakini pesa hutoka kwa mama. Ukimchorea mtoto bango la kuvutia ukamsahau mama, umempata mpiga makofi. Vivyo hivyo kwa samli, gesi ya kupikia na karo ya chuo.

La tano: naweza kumfikia na kumhudumia bila kula hasara? Wapo wateja wazuri ambao kuwapelekea mzigo kunakula faida yote. Hao waache kwa heshima. Kumkataa mteja asiyekufaa si kiburi, na biashara haigombi.

Ukiyajibu matano hayo, jaribu kuandika sentensi moja: "Mimi namuuzia fulani, mwenye shida fulani, wakati fulani, mahali fulani." Kama sentensi hiyo inakushinda, bado hujampata mteja wako. Usilipie tangazo.

M-Pesa nayo ilibahatisha kwanza

Labda unadhani hili ni jambo la vibanda tu. Hapana. Hata M-Pesa, ambayo leo iko mkononi mwa karibu kila Mkenya, ilianza ikimlenga mtu mwingine.

Mwaka 2005 Safaricom na Vodafone zilipofanya majaribio Nairobi na Thika, mpango ulikuwa kumsaidia mtu aliyekopa katika taasisi ya mikopo midogo alipe mkopo wake kwa simu. Waliojaribu hawakufika 500. Lakini waliokuwa wakiusimamia mradi walitazama watu wanavyoutumia, wakaona mambo ambayo hawakuyapanga. Mtu mmoja alimtumia mwingine pesa ili amlipie. Wengine waliweka pesa kwenye simu kabla ya safari ili wasibebe noti mfukoni, wakazitoa walikofika.

Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, yule mlipa mkopo aliwekwa kando. Mlengwa mpya alikuwa mfanyakazi wa mjini mwenye mama, mke au wadogo kijijini, ambaye hadi wakati huo alikuwa akimkabidhi kondakta wa basi bahasha na kuomba Mungu. Ujumbe ukawa mwepesi: tuma pesa nyumbani. Haukueleza teknolojia wala kutaja mikopo. Uligusa shida moja ya mtu mmoja anayefahamika, na wengine wote wakaja baadaye kwa kumfuata yeye.

Hapo pana somo ambalo wengi hulikwepa. Kumchagua mteja mmoja hakukufungii mlango kwa wengine. Humpa mtu wa kwanza sababu ya kuingia, naye huwaleta wenzake. Mlango usio na jina hauingiwi na yeyote.

Mteja wa mteja wako

Turudi Naivasha. Maua hulimwa kwa biashara kubwa kando ya ziwa. Leo waridi likikatwa pale hupelekwa Nairobi, huingia ndege, na sehemu kubwa huuzwa Ulaya, kwenye minada ya Uholanzi au moja kwa moja kwa maduka makubwa.

Wenye mashamba hayo wanajua kalenda ya wateja wao kama imamu anavyojua mwandamo wa mwezi. Siku ya wapendanao ni Februari 14, kwa hiyo waridi lazima likatwe mwisho wa Januari na siku za kwanza za Februari. Siku ya Wanawake, Machi 8, ni kubwa Urusi. Siku ya Mama huko Uingereza hufuata kalenda ya Kwaresima na huangukia mara nyingi mwezi Machi, ilhali Ujerumani na nchi nyingine nyingi huiadhimisha Jumapili ya pili ya Mei. Mkulima anayedhani "Ulaya" ni mteja mmoja atakata maua ambayo wiki hiyo hayana mwenyewe.

Sasa mama wa chapati wa Kihoto anahusikaje? Anahusika sana. Kazi inapozidi shambani kabla ya Februari 14, wafanyakazi huongezwa saa na hurudi wamechoka hata kupika hawawezi. Huo ni wakati wa kuuza chakula cha jioni. Msimu ukipita, saa za ziada hupungua na mifuko hukauka. Mwanamume anayemnunulia mpenzi wake waridi London hajui kama Kihoto iko duniani, lakini ndiye anayeamua chapati ngapi zitatoka.

Hilo lilionekana wazi mwaka 2020. Korona ilipofunga masoko ya Ulaya mwezi Machi, maua yalitupwa na wafanyakazi wengi wakapelekwa nyumbani bila malipo. Aliyekuwa akimuuzia mfanyakazi wa maua peke yake alipigwa siku ile ile. Kwa hiyo kumjua mteja wako hakutoshi. Jua pia anayemlipa mteja wako, na ufuatilie habari zake kama unavyofuatilia bei ya unga.

Mgeni wa siku tatu

Kuna mtego mwingine ambao Naivasha unaujua vizuri, nasi Pwani tunaujua zaidi. Mashindano ya Safari Rally yalirudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, na Naivasha ikawa kitovu chake. Maelfu ya watu hufurika mjini. Vyumba hujaa, bei ya nyama choma hupaa, na hata uwanja wa kuegesha magari hugeuka biashara.

Kuuza wakati wa mashindano si kosa. Kosa ni kuyajengea maisha. Miaka ya 2021, 2022 na 2023 yalifanyika Juni. Mwaka 2024 yakasogezwa hadi mwisho wa Machi, siku za Pasaka, na 2025 yakawa tena Machi. Aliyekopa akitegemea Juni alikuta Juni imebaki na wenyeji wake tu. Na yule aliyepandisha bei ya chakula kwa siku zile, akamfukuza mtu wa basi kwa sababu hana pesa ya mgeni, atamtafuta tena Jumatatu.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mgeni ni msala upitao. Mfanyakazi anayenunua siku 22 kwa mwezi ndiye mbachao wako, hata kama umechakaa.

Sisi Pwani tulilipia somo hili. Mei 2014 Uingereza ilitoa tahadhari ya usafiri kuhusu Mombasa, na mamia ya watalii wakaondolewa kabla ya likizo yao kwisha. Hoteli zilizozoea kumhesabu Mzungu peke yake kuwa mgeni zilibaki na vitanda vitupu. Baadhi zikafunga na kuwaachisha watu kazi. Ndipo wengi walipoanza kumtazama upya Mkenya wa Nairobi, Nakuru na Eldoret, ambaye siku zote alikuwepo lakini hakuna aliyemwandikia tangazo. Reli mpya ilipoanza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, waliokuwa wamekwisha kumwandalia Mkenya bei na vyakula vyake ndio waliovuna mapema.

Mteja asiyekuwa jirani

Hata hivyo, nisije nikaeleweka vibaya kwamba mteja bora ni yule aliye mlangoni kila siku. Ziwa Naivasha lenyewe lina kisa kinachosema kinyume.

Mwaka 1970 kamba wa maji baridi, asili yake Louisiana huko Marekani, waliletwa ziwani humo. Walizaana kwa wingi. Kwa watu wengi wa pale kamba yule hakuwa chakula, na hata mvuvi alimwona kero kwa jinsi anavyoharibu samaki walionaswa wavuni. Angeuzwa kwa wenyeji, angeozea kapuni. Lakini Ulaya kulikuwa na watu waliomlipia vizuri, kwa hiyo alivuliwa na kusafirishwa huko, na hoteli za watalii pia zikamnunua. Kitu kile kile hapa ni kero na kule ni kitoweo cha sikukuu.

Basi ikiwa majirani zako hawanunui, usikimbilie kusema bidhaa ni mbaya, wala usikimbilie kuteremsha bei. Jiulize kwanza kama umeipeleka kwa mtu wake. Mkeka wa ukindu ambao jirani yako wa Lamu hautazami mara mbili, kwa sababu mama yake anausuka, unaweza kupata mwenyewe katika hoteli ya Diani.

Mteja anapohama

Sasa nifike kwenye uchungu niliouahidi. Ziwa Naivasha limekuwa likipanda kwa zaidi ya miaka kumi, na Kihoto iko ukingoni. Mwaka 2020 maji yaliingia kwenye makazi. Yakaingia tena mwaka 2024. Mwishoni mwa 2025 yakaingia kwa nguvu zaidi, watu wakawa wanahamisha magodoro na sufuria kwa mashua, kwenye njia zilizokuwa za boda boda.

Familia zilipoteza nyumba, na hilo ndilo kubwa kuliko yote. Lakini tazama pia kilichompata mwenye kibanda ambacho hakikuguswa na maji, mita mia chache juu. Kibanda kipo, bidhaa zipo, jina liko mlangoni. Wateja hawapo. Wameenda kupanga vyumba mitaa mingine au kwa jamaa. Basi lile la alfajiri sasa linawachukua mahali pengine.

Nani ana nafuu hapo? Ni yule aliyekuwa akiwajua wateja wake kama watu. Ana nambari zao za simu, walizompa wenyewe. Anajua nani anafanya kazi shamba gani na wengi wamehamia wapi. Anaweza kuchukua jiko lake akawafuata. Aliyekuwa akimuuzia "yeyote apitaye" hana wa kumfuata, maana hakuwahi kumjua hata mmoja.

Ndiyo maana nasema kumjua mteja ni bima ya maskini. Mkopo unaweza kukujengea kibanda, maji yakakichukua. Daftari la wateja hubebeka.

Hapa niongeze onyo moja. Kuwa na nambari ya mtu si ruhusa ya kumjazia simu matangazo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka mtu akubali kabla hujatumia taarifa zake kumtangazia. Kunakili nambari kutoka kwenye jumbe za malipo ya M-Pesa na kuzitumia kwa matangazo bila kuuliza ni kuvunja imani, na kunaweza kukufikisha pabaya. Uliza tu: "Nikipika samaki wa kupaka Ijumaa, nikujulishe?" Wanaosema ndiyo ndio wateja wako hasa.

Fanya hivi wiki hii

Usingoje mtaalamu. Chukua daftari la shilingi 50 na kalamu.

Kwa siku saba, andika kila mauzo: saa, aina ya mtu, alichonunua, alilipa papo hapo au alikopa, ni mara yake ya ngapi. Siku ya nane, kaa chini uhesabu. Tafuta kundi moja linalorudi na kulipa. Waulize watatu kati yao swali moja: "Kama mimi nisingekuwepo, ungenunua wapi?" Jibu lao litakuonyesha mshindani wako ni nani, na huenda si yule unayemdhani.

Kisha badilisha kitu kimoja kwa ajili ya kundi hilo, kiwe saa ya kufungua, kipimo, ufungaji au mahali. Kijaribu kwa wiki mbili kwa pesa ambazo ukizipoteza hutalala njaa. Kikifaulu, ndipo ulipie tangazo. Hata Facebook ukilipia itakuuliza eneo, umri na mambo anayopenda mtu unayemtafuta. Asiye na majibu hujaza "wote", na pesa zake huonyeshwa watu ambao hawatakanyaga mlangoni pake.

Na kila baada ya miezi mitatu, rudia. Watu huhama, kazi hubadilika, maji hupanda. Mteja wa mwaka jana anaweza kuwa si mteja wa leo.

Kizuri chajiuza, ndiyo. Lakini hata mama wa Kihoto ilimbidi kwanza ajue basi linasimama wapi.